Bwana Mifugo wa Kwenye Simu

Juzi mjukuu wa rafiki yangu aliniuliza, kwa Kiingereza, kama ni kweli niliwahi kulipwa mshahara hapa Toronto kwa ajili ya mbuzi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni kweli. Akauliza mbuzi wenyewe walikuwa wapi. Nikamwambia walikuwa Nepal. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama bibi aliyesahau kumeza dawa zake.

Basi ninawaandikia ninyi vijana, hasa mnaosikia Kiswahili na kukijibu kwa lugha nyingine, na ninyi ambao mmeanza kazi kwenye mashirika ya misaada mkidhani msaada ni kitu kinachotumwa kwa kubonyeza. Someni taratibu. Mimi sina haraka tena.

Nilisomea mifugo. Kabla ya kuja Kanada nilikuwa afisa mifugo wa kata moja ya milimani, Kilimanjaro, kule ambako mbuzi na ng'ombe hawaendi malishoni, majani ndiyo yanawafuata bandani, juu ya vichwa vya akina mama. Wanakijiji waliniita "bwana mifugo" ingawa nilikuwa nimejifunga kitenge na nina mtoto mgongoni. "Bwana mifugo kaja, na ananyonyesha!" Walicheka, nikacheka nao, kisha nikaingiza mkono kwenye ng'ombe na kucheka kukaisha.

Mume wangu alipopata kazi Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipanga Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja, dirisha likitazama bonde la mto Don. Nilipenda lile bonde kwa sababu lilikuwa na majani mengi. Kila kiangazi nilikuwa nikilitazama na kuhesabu kichwani ni mbuzi wangapi lingeweza kulisha. Vyeti vyangu havikunifikisha popote, kwa hiyo nilifunga maboksi kwenye ghala moja Downsview. Huko ndiko nilikosikia kwamba jengo la pili kutoka ghala letu kuna ofisi ndogo ya shirika linalogawa mbuzi kwa familia maskini za vilimani Nepal. Nikadhani wananitania. Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, nikaenda na buti zangu za ghalani.

Mkuu wa ofisi, mama mmoja mrefu anayeitwa Linda, aliniuliza, "Unajua nini kuhusu mbuzi?"

Nikamuuliza, "Wa maziwa au wa nyama?"

Alicheka, akavuta kiti. Nilikaa kwenye kiti hicho mpaka nikastaafu.

Lakini kuna jambo ambalo hamtaambiwa na mtu siku ya kuanza kazi. Katika ofisi ya mbuzi hakuna mbuzi. Kulikuwa na zulia, mashine ya kahawa, picha ukutani za mbuzi wanaotabasamu kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kumjua. Nilitamani harufu. Mtu aliyefuga anajua ninachosema: ile harufu ya samadi ya asubuhi iliyochanganyika na majani mabichi, ambayo ukiwa kwenu unaiosha kwenye nguo, na ukiwa mbali ungeinunua kwenye chupa.

Kuna shamba dogo jijini ambako watoto hupelekwa kuona wanyama. Nilikuwa nikienda peke yangu Jumamosi. Mara moja nilimshika mbuzi mmoja kichwa, nikamvuta ngozi ya chini ya jicho ili nione rangi ya ndani. Hiyo ni njia ya kwanza kabisa ya kumpima mbuzi, na nawafundisha bure: ndani kukiwa kwekundu, ana damu ya kutosha, kukiwa kweupe kama karatasi, minyoo inamnyonya. Kijana mhudumu akaja mbio.

"Mama, tafadhali, usiwaguse wanyama. Kuna tatizo?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mzima kabisa."

"Sasa ulikuwa unamfanya nini?"

Mbuzi alikuwa mwekundu machoni kama nyanya. Nilitaka tu kumgusa.

*

Ngoja niwaeleze jinsi kazi ilivyokwenda, kwa maana watu wengi wanadhani ni kununua mbuzi na kumkabidhi maskini, basi. Ukifanya hivyo umempa maskini mdomo mwingine wa kulisha.

Kwanza unapanda majani. Familia inapanda miti ya malisho na nyasi kwenye kingo za matuta yao, na unasubiri mpaka yote yashike. Halafu banda: limeinuliwa kutoka ardhini, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili samadi idondoke chini na miguu ya mbuzi ibaki mikavu. Mbuzi anavumilia njaa kuliko anavyovumilia kusimama kwenye maji. Halafu mafunzo. Ndipo aje mbuzi jike, wa kienyeji, mwenye mimba tayari. Samadi inakwenda kwenye mahindi, watoto wa mbuzi wa kiume wanauzwa wakikua, na siku mtoto wa nyumbani anapougua usiku hamkimbilii kwa mkopeshaji, mnalo banda.

Wachangiaji waliniuliza mara nyingi kwa nini tusiwape watu pesa. Sikuwahi kuwacheka, ni swali zuri. Kuna mahali pesa ni bora, na kuna familia ambazo mbuzi ni mzigo kwao, kwa mfano mzee anayeishi peke yake na magoti yamechoka. Hao hatukuwapa mbuzi. Lakini niliwaambia pia kwamba pesa ina ndugu wengi. Shemeji anaweza kuja leo kuazima noti. Kuazima nusu ya mbuzi mwenye mimba ni kazi.

Na kulikuwa na sharti moja, ambalo Watanzania tunalijua kwa jina la kopa mbuzi lipa mbuzi. Jike la kwanza atakayezaliwa si lako. Unamlea mpaka aachishwe kunyonya na akue vizuri, kisha unampa familia inayofuata kijijini, mbele ya watu. Nayo ikipata jike la kwanza inaipa familia nyingine. Baada ya hapo umemaliza, kilichobaki bandani ni chako.

Sharti hilo lishikeni akilini, kwa sababu ndilo lililotukalisha roho juu baadaye. Lakini kabla sijafika huko, niwachekeshe kidogo.

Nilipokuwa mgeni ofisini, michango mingi iliingia mwezi wa kumi, Wakanada wakisherehekea sikukuu yao ya kushukuru kwa mavuno. Watu wanapokula bata mzinga wao wanawakumbuka wasio na kitu. Kwa hiyo ofisi ikapanga mbuzi wanunuliwe na kugawiwa hapo hapo, mchango ukiwa bado wa moto. Hakuna aliyetazama kalenda ya upande wa pili. Kumbe ndiyo majira ya Dashain, sikukuu kubwa kuliko zote kule vilimani, na katika Dashain kila nyumba inayojiweza inachinja mbuzi. Wenzetu wa kule walidhani Toronto tunajua. Sisi tulidhani wangetuambia.

Ripoti ilikuja imejaa shukrani. Linda aliisoma kwa sauti, tukiwa tumesimama na vikombe vya kahawa. Ilisema familia zimefurahi mno, hazikutarajia wageni wa mbali wawakumbuke katika sikukuu yao, na nyama ilikuwa laini.

"Nyama?" Linda akasema. Akasoma tena mstari ule ule, taratibu, kama atapata neno lingine.

Nilijizuia nikashindwa. Nikamwambia, "Linda, mpelekee Mwislamu mbuzi mnono siku mbili kabla ya Idi kubwa, kisha umwambie amfuge. Atakuona una matani." Tangu hapo mbuzi waligawiwa sikukuu ikiwa imepita, na kalenda ya Nepal ikatundikwa juu ya mashine ya kahawa.

*

Mtu wetu wa kule alikuwa kijana anayeitwa Bishnu, fundi wa mifugo, mwenye miguu ya kupanda milima na Kiingereza cha kutosha. Aliniita Didi, yaani dada mkubwa. Asubuhi yetu ilikuwa jioni yao, kwa hiyo nilimpigia nikifika tu ofisini, wakati yeye yuko kwenye kijiji fulani na mbuzi wanadai majani ya jioni. Nyuma ya sauti yake niliwasikia. Nilikuwa na desturi ya kumwambia, "Kabla hatujaanza, sogeza simu bandani." Naye alisogeza, bila kuuliza. Nikasikiliza mpaka roho itulie, kisha nikasema, "Haya, nipe habari."

Jirani yangu Flemingdon Park, Mama Goreti, alijua tabia hiyo. Alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, aliishi kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Kanada, na sasa alifanya kazi ya kuhudumia wazee. Tukikutana kwenye lifti alinitangaza kwa kila aliyemo: "Mupishe! Bwana mifugo wa kwenye simu anapita. Anatibu mbuzi wa Asia akiwa na soksi za theluji!"

Siku moja utani huo ukawa kweli. Nilikuwa jikoni kwangu, najiandaa kutoka, simu ikalia. Ilikuwa Bishnu, anahema. Alikuwa kwa mwanamke anayeitwa Sarita, mjane mwenye watoto wawili, nyumba ya mwisho kabisa juu ya kijiji. Sarita alikuwa miongoni mwa watu maskini zaidi kwenye kikundi cha familia zilizopewa mbuzi, mtu aliyeishi kwa vibarua na kwa kuazima, chumvi hapa, unga pale. Mbuzi tuliyempa alikuwa anazaa tangu mchana, na mtoto hatoki.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa, Didi. Nagusa miguu miwili. Nivute?"

"Usivute! Fuata miguu hiyo juu. Ina magoti yanayokunjika mbele au nyuma?"

Nilisikia mbuzi akilia, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza kama anabembeleza mtu.

"Mbele. Ni miguu ya mbele. Lakini kichwa sikioni. Kimegeukia nyuma."

"Basi msukume mtoto arudi ndani, polepole, mama yake asipokuwa anasukuma. Ukipata nafasi, shika taya, ulete kichwa kwenye njia. Kichwa na miguu vitoke pamoja. Bishnu, usikimbize."

Nilisimama jikoni kwangu mkono umekunja vidole hewani, natafuta taya la mbuzi aliye upande wa pili wa dunia. Mtoto alitoka, amekufa. Wa pili akafuata mwenyewe, jike, mzima. Lakini mama alikuwa ametoka damu nyingi mno, na Bishnu akasema anapoa.

"Mkamue," nikamwambia. "Sasa hivi, kabla hajaenda. Dang'a yote utakayopata."

Dang'a, wanangu, ni yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Mtoto asipoyapata katika saa zake za mwanzo, hata akiishi ni dhaifu. Sarita ndiye aliyekamua. Bishnu aliniambia alikamua huku akimwomba msamaha mbuzi wake. Kabla jua halijazama kule, mama alikuwa amekufa na mtoto amekunywa.

Mtoto wa mbuzi bila mama anahitaji maziwa, na kwa Sarita hayakuwapo. Jirani yake wa chini, Kamala, alikuwa na nyati wa kufugwa anayekamuliwa. Kila asubuhi na kila jioni Kamala alitoa kikombe cha maziwa yaliyokusudiwa nyumba yake. Sarita akakinywesha kibuzi kwa chupa, akalala nacho karibu na moto. Kikaishi. Bishnu aliponipa habari kwamba kimeanza kula majani, niliwaambia watu wote wa ofisini, hata mtu wa kuleta maji.

Kisha nikatazama utaratibu wetu. Kile kibuzi kilikuwa jike la kwanza. Hakikuwa cha Sarita. Kwa sharti letu, kikishakua apewe anayefuata, na anayefuata alikuwa Kamala, ambaye banda lake lilikwisha jengwa na majani yake yamekwisha shika. Mbuzi mama amekufa, kwa hiyo siku ya kukabidhi Sarita angebaki na banda tupu.

Linda hakusita hata kidogo. "Tumsamehe," akasema. "Abaki na mbuzi wake. Kamala tutamnunulia mwingine. Hakuna anayepoteza."

Nami niliona ni sawa. Nilimpigia Bishnu kesho yake kwa furaha, nikitarajia machozi ya shukrani. Siku mbili zikapita ndipo akanijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kugombezwa.

"Didi, amekasirika."

"Nani? Kamala?"

"Sarita. Hakuja kwenye mkutano wa kikundi. Nimemfuata nyumbani, akanipa mgongo. Anauliza amekosa nini hata mnamwondoa."

"Mwambie hatumwondoi, tunamsamehe."

"Nimemwambia. Ndiyo akafunga mlango."

*

Jioni hiyo nilipanda kwa Mama Goreti. Alikuwa amekaa, miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya zamu yake. Nikamweleza yote, toka chupa mpaka mlango uliofungwa. Nilisema huyu mwanamke simwelewi, anapewa mbuzi wa bure anakasirika.

Goreti aliacha kusugua miguu. "Weye Mama Neema," akasema, "ulishawahi kukaa kambini?"

"Hapana."

"Basi tulia nikwambie. Miye nilipokea. Miaka na miaka, nilipokea. Mahindi, ndoo, blanketi. Nikafika huku, nikapokea koti, nikapokea sahani, nikapokea hata picha ya kutundika ukutani, picha ya mtu simujui! Nasema asante, merci, mpaka mdomo unauma. Na watu walikuwa wazuri, siwasemi vibaya. Lakini katika miaka hiyo yote, hakuna mtu mmoja aliyeniomba hata chumvi. Unajua kwa nini? Wanajua sina. Ukiwa mtu wa kupokea tu, watu wanakupita kama mlango wa nyumba isiyo na mtu."

Akachukua sabuni, akaanza tena kusugua miguu.

"Siku moja, hapa hapa, Mhindi wa mlango wa pili akanigongea. Anaomba kitunguu. Kitunguu, Mama Neema! Nikampa vitatu. Nikafunga mlango, nikalia, nikapiga magoti. Watoto wakadhani kuna msiba." Akanielekezea kidole chenye sabuni. "Yule mwanamke wenu alikuwa na siku yake inakuja. Siku ya kusimama mbele ya watu na kutoa. Na kumtolea nani? Huyo huyo aliyemupatia maziwa! Ninyi mumekuja na huruma zenu, mumemwambia aketi."

Nilimwongezea maji ya moto kwenye beseni.

Kesho yake nilimwambia Linda. Naye, ni haki nimseme vizuri, hakuwa mtu mgumu. Alikuwa anaogopa kitu cha kweli.

"Una watoto wawili pale," akasema. "Wakilala njaa, heshima haipikwi. Na nitawaandikia nini wachangiaji? Kwamba tulimnyang'anya mjane mbuzi wake wa pekee?"

"Waandikie kwamba alitoa."

"Na asipopata mwingine?"

"Anaweza asipate," nikasema. Sikutaka kumdanganya. "Lakini swali ni lake. Tumemjibia bila kumuuliza."

Linda alitazama nje, ambako malori ya Downsview yalikuwa yakirudi nyuma na kulia ile milio yao. Mwisho akasema, "Muulize."

Bishnu alipanda mlima kumuuliza. Jibu lilikuja kabla hajamaliza swali: mbuzi atakabidhiwa, na siku ameshaichagua.

Nilielezwa jinsi ilivyokuwa. Sarita alimwosha mbuzi kwa maji ya uvuguvugu, akamvisha shada la maua ya njano, akampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, kama wanavyofanya wao. Kikundi kizima kikasimama kwenye uwanja. Kamala naye akavaa nguo yake nzuri. Sarita aliweka kamba mkononi mwa Kamala, na Bishnu aliniambia kwamba alisema maneno machache tu: "Umemnywesha. Sasa mchukue." Kisha akapanda kwake, nyumba ya juu, kwenye banda tupu.

Mimi huku sikulala vizuri. Theluji ilikuwa imeanza, na bonde la Don halikuwa na jani hata moja. Kila nilipotazama dirishani niliona lile banda.

Sasa sikilizeni. Mtu yeyote aliyewahi kulea mbuzi kwa chupa angetuambia kitakachotokea, nami niliyewalea wengi sikukikumbuka. Mbuzi wa chupa hajui kwamba yeye ni mbuzi. Anajua mama yake ni yule mtu. Kamala alimfungia bandani jioni, mbuzi akalia mpaka kijiji kikageuka upande wa pili kitandani. Asubuhi kamba imekatwa, mbuzi yuko juu, mlangoni kwa Sarita. Sarita akamrudisha. Kesho yake tena. Akafungwa kwa kamba nene, akagoma kula.

Baada ya wiki ya vituko hivyo Kamala alipanda mlima mwenyewe, amemshika mbuzi, kijasho chembamba kinamtoka. Bishnu alikuwapo, akanisimulia huku anacheka.

"Huyu mbuzi ni wangu?" Kamala aliuliza.

"Ni wako," Sarita akajibu. "Nimekupa mbele ya watu."

"Vizuri. Kwa kuwa ni wangu, nampeleka ninakotaka. Nataka akae kwako. Mimi nina nyati, sina nguvu ya kubishana na kichaa. Mlishe, akizaa tugawane nusu kwa nusu."

Bishnu akaniambia hiyo ni desturi yao ya zamani, mmoja mwenye mnyama, mwingine mwenye banda. Nilimkatiza. Nilimwambia, "Bishnu, usinieleze, hiyo ni ya kwetu!" Kwa maana milimani kwetu ilikuwa hivyo hivyo: mtu mwenye ng'ombe aliwapeleka kwa jirani mwenye majani, jirani akanywa maziwa na kurutubisha migomba, na ndama wakagawanywa. Hakuna aliyeitwa maskini katika mpango huo. Nikaanza kumsimulia Bishnu, nikajikuta namsimulia kwa Kiswahili, naye akaniacha niendelee.

Yule mbuzi alikua, akazaa majike mawili, salama, bila simu. Mmoja Kamala alimpitisha kwa familia iliyofuata, kama sharti lilivyotaka. Wa pili, kwa mgawo wao, akawa wa Sarita. Huyu alikuwa wake kabisa, hakuna wa kumdai.

Asubuhi habari ilipofika, Bishnu alisema Sarita yuko hapo, anataka kuongea nami. Hatukuwahi kuongea. Nilifungulia spika, Linda na wenzake wakasogea. Sarita aliongea, Bishnu akatafsiri.

"Didi, wewe una mbuzi wangapi?"

Nikacheka. "Sina."

Wakashauriana. "Anauliza, hata mmoja?"

"Hata mmoja. Naishi ghorofani."

"Anasema, ghorofani hakuna majani?"

"Hakuna, mwambie. Ni saruji tu."

Kukasikika kule maneno mengi ya chini chini, sauti mbili za wanawake. Nilitambua ya pili lazima ni Kamala. Bishnu aliporudi hakuwa akicheka.

"Didi, anasema pole sana. Hakujua. Anasema huyu mbuzi wake akizaa, jike la kwanza ni lako. Atakufugia hapa kwake, kwa nusu. Anauliza kama unakubali."

Wenzangu walinitazama. Kinywani mwangu maneno yalikuwa yamejipanga tayari, yale ya adabu: asante sana, lakini hapana, abaki naye, yeye ndiye anayehitaji. Linda alitikisa kichwa kidogo tu, kuniambia hapana, usiseme.

Nikaiweka simu mezani. Nikasimama, nikanyoosha mikono yote miwili mbele, kama nilivyofundishwa kupokea nikiwa mdogo, nikainama kidogo.

"Mwambie nimepokea," nikasema.